Mama, Tawi na Tanzu: Makundi ya Kampuni katika Sheria na katika Kiswahili, kwa Mfano wa Mpanda



Waliozoea mihadhara ya taaluma za Kiswahili hutarajia kusikia habari za tenzi, lahaja au sarufi. Mada ya leo ni ya sheria, tena sehemu ya sheria ambayo hata mawakili wengi huipita kwa mbali: namna sheria inavyozitazama kampuni zinazomilikiana, hasa zile ambazo mmoja wa ukoo yuko London, mwingine Toronto, na wa tatu anachimba ardhi yetu. Nimeileta hapa kwa sababu tangu mwaka 2021 jambo hili si la wanasheria peke yao. Mwaka huo Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, huku Kiingereza kikibakizwa kwa nafasi maalumu. Tangu hapo neno analolichagua mfasiri au hakimu si pambo la maelezo. Ndilo sheria yenyewe.

Hoja ninayotaka kuitetea ni hii. Kiswahili kimeyapa makundi ya kampuni msamiati wa ukoo na wa mti: tunasema kampuni mama, kampuni tanzu, tawi la kampuni. Sheria tuliyoirithi, kwa upande wake, imejengwa juu ya kuukana ukoo huo. Mgongano huu si mchezo wa maneno. Unaamua nani atalipa na nani atasimama pembeni. Nitautazama kutoka Mpanda, mji ulioanzishwa na kampuni moja na ambao, nusu karne baadaye, ulipokea ugeni wa kampuni nyingine nyingi zilizoshikana mikono.

Risasi ya Mukwamba

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni iliyoitwa Uruwira Minerals Limited ilianza kuchimba madini ya risasi huko Mukwamba, karibu na Mpanda ya leo. Risasi hiyo ilichanganyika na shaba, fedha na dhahabu. Jina la kwanza la kampuni lilichukuliwa kutoka ardhi ya hapo hapo, kwa kuwa Uruwira ni mahali panapojulikana hadi leo katika Wilaya ya Nsimbo. Jina la mwisho, Limited, lilitoka Uingereza, nalo ndilo lililobeba sheria yote: maana yake ni kwamba dhima ya wenye hisa ina kikomo. Mwenye hisa akishalipia hisa zake, madeni ya kampuni hayamfuati nyumbani.

Madini hayafiki sokoni bila njia. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914, lakini ilipita mbali upande wa kaskazini. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, chombo cha umma kilichoundwa mwaka 1948, likajenga njia ya kilometa 210 hivi kutoka Kaliua hadi Mpanda, ikafunguliwa mwaka 1950. Kwa lugha ya reli, hilo liliitwa tawi. Naomba msikilizaji aliweke neno hilo akilini.

Mwaka 1960 uchimbaji wa Mukwamba ulikoma. Reli haikukoma. Iliendelea kubeba abiria, asali, nta, tumbaku na mazao ya mashamba, na Mpanda ikabaki mji wa mwisho wa njia, kama unavyobaki hadi sasa. Sisemi kwamba kampuni ile ilivunja sheria ilipofunga; hakuna haja ya kosa ili jambo lieleweke. Tazameni tu muundo wake. Upande mmoja palikuwa na mgodi wa watu binafsi wenye dhima yenye kikomo; upande wa pili palikuwa na reli ya umma isiyokuwa na kikomo chochote, kwa maana nchi haiwezi kujifilisi ikahama. Mgodi ulipoisha, kila upande ulibaki na kilicho chake. Umma ulibaki na mataruma, vyuma na kazi ya kuvitunza.

Mtu asiye na ngeli ya mtu

Kanuni iliyowezesha muundo huo ina historia fupi na ya kuvutia. Fundi viatu wa London aliyeitwa Aron Salomon aliigeuza biashara yake kuwa kampuni mwaka 1892. Sheria ilitaka wanachama saba. Akajiweka yeye, mkewe na watoto wao watano. Kati ya hisa 20,007 yeye alikuwa na 20,001. Biashara ilipoanguka, wadai walisema kampuni ile ni Salomon mwenyewe aliyevaa kanzu nyingine. Mwaka 1896 Mabwana wa Bunge la Uingereza, waliokuwa mahakama ya mwisho, walikataa: kampuni ni mtu mwingine, ana mali yake na madeni yake. Tanganyika iliipokea sheria ya Kiingereza kwa tarehe ya mapokezi ya 22 Julai 1920, na kanuni ya Salomon ikaja nayo. Ilikaa ndani ya Sheria ya Kampuni ya 1932, na imo bado ndani ya Sheria ya Kampuni ya 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2006.

Hapa mwanafunzi wa isimu ana jambo la kusema ambalo mwanasheria huenda asilione. Sheria inasema kampuni ni mtu. Sarufi yetu haikubali. Tunasema kampuni imesaini, kampuni imeshtakiwa, kampuni imekufa. Hakuna asemaye kampuni amesaini. Mnyama tunampa upatanisho wa a-, hata kipofu na kiziwi ambao majina yao yana sura ya ki- tunawapa upatanisho wa walio hai. Kampuni, pamoja na mali yake yote, imebaki katika i- na zi-, pamoja na meza na nyumba. Lakini sheria ikiandikwa kwa Kiswahili, neno mtu hufafanuliwa kuwa linajumuisha kampuni, na kwa mlango huo kampuni huingia katika a-wa: mtu atakayekiuka kifungu hiki atatozwa faini. Ndani ya ibara moja imekuwa hai. Ibara inayofuata, ikitajwa kwa jina lake, imerudi kuwa kitu. Sijui lugha nyingine ambamo fumbo la nafsi ya kisheria linaonekana wazi namna hii kwa jicho la msomaji wa kawaida.

Salomon alikuwa mtu wa nyama na damu aliyemiliki kampuni. Hatua iliyofuata ilikuwa kampuni kumiliki kampuni, na ile kumiliki nyingine tena. Hakuna sheria iliyotungwa kusema makundi ya kampuni yaruhusiwe. Kanuni ya fundi viatu ilirudiwa tu, safari hii pasipo fundi. Kila tabaka likawa pazia jipya. Ndipo lugha za ulimwengu zikaanza kutafuta majina ya uhusiano huo, na Kiswahili kikaenda kwenye ukoo na kwenye mti.

Tawi na tanzu

Kwa mwanafunzi wa fasihi, utanzu ni ushairi, riwaya au tamthilia. Kwa mkulima, utanzu ni tawi la mti. Katika lugha ya kawaida tawi na utanzu hukaribiana kiasi cha kubadilishana nafasi. Katika sheria ya kampuni umbali wake ni kama wa mbingu na ardhi. Tawi la kampuni si mtu wa pili. Benki yenye tawi Mpanda ni benki ile ile iliyo Dar es Salaam: anayeidai tawi anaidai benki, na mali yote ya benki inasimama nyuma ya deni hilo. Kampuni tanzu, kinyume chake, imesajiliwa kwa jina lake na ni mtu kamili. Anayeidai tanzu anaidai tanzu tu. Hata mama akimiliki hisa zote, hata akiteua wakurugenzi wote na kukaa nao meza moja, deni linakomea mlangoni kwa mtoto.

Hivyo lugha imechukua maneno mawili ya sehemu moja ya mti, ikayapa maana ambazo zinatofautiana kwa mabilioni ya shilingi. Nimewahi kusoma tafsiri za mikataba ambamo maneno haya mawili yamebadilishana nafasi ukurasa hadi ukurasa, kana kwamba mfasiri alichoka kurudia neno moja akataka kupamba mtindo. Katika insha hilo ni ufasaha. Katika mkataba ni hatari.

Nadhani neno tanzu lilizoeleka zaidi katika enzi ya mashirika ya umma. Shirika la Maendeleo la Taifa liliundwa mwaka 1965, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 likashika viwanda vilivyotaifishwa, kila kimoja kikiwa kampuni yake. Serikali ya kijamaa, iliyoyasema makampuni ya kibeberu kila siku, ilitawala uchumi wake kwa umbo lile lile la mama na watoto. Na angalieni kiambishi: kampuni za kwetu zilikuwa kampuni au mashirika, za wageni zilikuwa makampuni, kwa ma- ile ya ukubwa na ya karaha. Leo ma- hiyo imepoa, na gazeti huandika makampuni bila kumchukia mtu.

Ukoo huu sheria inauona au haiuoni, kutegemea inatafuta nini. Ikitaka hesabu, inauona: mama hutakiwa kuandaa hesabu za pamoja za kundi zima. Ikitaka kodi, inauona na kuutilia shaka: chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, kampuni zenye uhusiano zinapouziana bidhaa au kukopeshana zinatakiwa zifanye kwa bei ambayo wasiojuana wangekubaliana. Jamaa wanaamriwa kufanya biashara kama wageni! Ikifika siku ya kulipa fidia, ghafla hakuna ukoo. Kuna watu mbalimbali tu, kila mmoja na dhima yake.

Katumba na Mishamo

Turudi Mpanda. Baada ya mauaji ya Burundi ya 1972, maelfu ya wakimbizi waliwekwa katika makazi ya Katumba na Mishamo, wilayani humo, na Ulyankulu, Tabora. Walifyeka pori, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, na watoto wao wakasoma kwa Kiswahili. Mwaka 2010 Tanzania ilikubali kuwapa uraia watu 162,156 kati yao, hatua ambayo mataifa machache duniani yamewahi kuichukua kwa idadi hiyo mara moja. Lakini mpango wa wakati ule uliwataka wahame makazi hayo na kutawanyika mikoani kabla ya kupewa vyeti.

Agosti mwaka huo huo, Halmashauri ya Wilaya ya Mpanda ilitia saini hati ya makubaliano na AgriSol Energy Tanzania Limited kuhusu kilimo kikubwa katika ardhi ya Katumba, zaidi ya hekta 80,000, na Mishamo, karibu hekta 220,000. Pamoja na eneo la Lugufu mkoani Kigoma, mpango ulihusu hekta 325,000 hivi. Jina lililo kwenye hati lilikuwa la kampuni ya Kitanzania. Nyuma yake palikuwa na AgriSol Energy ya Marekani, na nyuma ya hiyo kundi la Summit la jimbo la Iowa na mfuko wa kilimo wa Pharos; na ubavuni palikuwa na washirika wa Kitanzania, Serengeti Advisers. Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa nacho kilikuwa mshauri hadi kilipojitoa mwaka 2012, baada ya Taasisi ya Oakland ya California kuchapisha ripoti kali mwaka 2011. Kampuni kwa upande wake ilieleza kwamba uamuzi wa kuwahamisha wakazi ulikuwa wa Serikali, uliotangulia mradi, na haukutokana nao.

Mimi sikusudii kuamua ugomvi huo hapa. Linalonihusu ni swali ambalo mkazi wa Katumba angeuliza kwa haki kabisa: mwenyewe ni nani? Katika Kiswahili swali hilo lina jibu moja. Katika sheria lilikuwa na majibu matano au sita, yote ya kweli. Mwenye kutia saini alikuwa mmoja, mwenye fedha mwingine, mwenye ujuzi mwingine, mwenye mlango wa Serikalini mwingine. Wakazi wenyewe, waliolima kwa karibu miaka 40, hawakuwa upande wowote wa hati ile.

Na hapa pana kifungu ambacho kwangu ni miongoni mwa vifungu vya maana sana katika sheria zetu, na ambacho hakisomwi vya kutosha. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kifungu cha 20, inakataza asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Kisha inaongeza kwamba kampuni ambayo wenye hisa wake walio wengi si raia itahesabiwa kuwa ya kigeni. Usajili wa Dar es Salaam hautoshi. Sheria inafunua pazia na kutazama nyuso. Hili si jambo geni kabisa. Mwaka 1916, katikati ya vita, mahakama hiyo hiyo ya Mabwana iliyomlinda Salomon iliamua katika kesi ya Daimler dhidi ya Continental Tyre kwamba kampuni iliyosajiliwa Uingereza lakini inayodhibitiwa na Wajerumani yaweza kuhesabiwa adui. Kumbe sheria hujua kutazama nyuma ya pazia inapoogopa. Waingereza walimwogopa Mjerumani. Sisi tuliogopa kupoteza ardhi.

Mpango wa Katumba na Mishamo haukutekelezwa kama ulivyoandikwa. Mwaka 2014 raia wapya walianza kupewa vyeti vyao na sharti la kuhama likaachwa. Wakati huo Katavi ilikuwa imeshakuwa mkoa wake, uliotangazwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa.

Mama anapoitwa

Kama Mpanda inaonyesha swali, majibu ya karibuni yametoka kwenye dhahabu ya kanda ya Ziwa. Wanakijiji wa jirani na mgodi wa North Mara, wilayani Tarime, walifungua kesi London mwaka 2013 dhidi ya African Barrick Gold na kampuni ya mgodi, wakidai fidia kwa vifo na majeraha. Kampuni zilikana dhima, na kesi ikamalizwa kwa maafikiano mwaka 2015. Kwa kuwa iliisha hivyo, haikutuachia kanuni. Kanuni ilikuja mwaka 2019, katika shauri la wanakijiji wa Zambia dhidi ya Vedanta: Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema mama aliyejiingiza katika uendeshaji wa shughuli za mtoto aweza kuwa na wajibu wake mwenyewe kwa walioumizwa. Tafadhali tusilikuze jambo hili. Mahakama haikusema mama anajibu kwa sababu ni mama. Ilisema anaweza kujibu kwa sababu ya aliyoyatenda yeye.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikuwa na shauri la aina nyingine mwaka 2020. African Barrick Gold ilikuwa kampuni ya Uingereza yenye migodi Tanzania, na ilikuwa imesajiliwa nchini kama kampuni ya kigeni. Mamlaka ya Mapato ilidai kodi ya zuio ya dola milioni 41.25 kwa gawio lililolipwa kwa wenye hisa wake. Kampuni ilijibu kwamba yenyewe si mkazi wa Tanzania. Walio wakazi ni watoto wake. Mahakama ilikubaliana na Mamlaka. Kwa maneno ya somo letu, mama aliyedai kukaa ng'ambo alikutwa anaishi nyumbani kwa watoto.

Tena kuna tukio la 2017 ambalo halimo katika ripoti za kesi. Serikali ilipogombana na Acacia, jina jipya la kampuni ile ile, haikutaka kuzungumza na Acacia. Juni mwaka huo mwenyekiti wa Barrick, John Thornton, alikuja Dar es Salaam kuonana na Rais Magufuli, na mazungumzo yote yakawa na Barrick, iliyomiliki karibu asilimia 64 ya hisa. Kisheria mwenye migodi na mwenye deni hakuwa Barrick. Lakini Watanzania waliofuatilia habari hawakushangaa hata kidogo. Mtoto akiharibu cha watu, huzungumzi na mtoto. Unapeleka ujumbe kwa mamaye. Mwisho wake Barrick iliinunua Acacia yote mwaka 2019, na Twiga Minerals ikaundwa, Serikali ikiwa na asilimia 16.

Wapo wenzangu wanaoshauri kwamba neno mama liondolewe katika maandishi ya sheria, kwa kuwa linaahidi wajibu ambao sheria haiutoi. Wanapendekeza maneno makavu kama kampuni dhibiti na kampuni dhibitiwa. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Neno kavu litaifanya sheria ionekane haina la kujibu, nalo lipo. Ningependelea mama abaki, na wadai waendelee kumuuliza hakimu kwa Kiswahili kwa nini mama huyu peke yake haitwi barazani. Kuhusu tawi na tanzu sina upole huo. Kila sheria, hukumu na mkataba unaoyatumia maneno hayo mawili uyafafanue katika kifungu cha tafsiri, uyashike bila kuyabadilisha hadi ukurasa wa mwisho, na usitegemee kamusi ya kawaida, ambayo itamwambia msomaji wa Katumba kwamba yote mawili ni sehemu ya mti mmoja.